Mapipa ya Buluu

Mhubiri alisema Tata Karambu alituletea maji. Alisema hivyo mara tatu, kila mara akinyoosha mkono kuelekea jeneza, na kila mara watu waliojaa chini ya mahema ya kukodi wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa safu ya pili, safu ya jamaa wa karibu, nimefungwa utepe wa zambarau mkononi kama wenzangu, na tangu nilipotoka kwangu mtaa wa Dallas, pale Embu, nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo sitanuna. Kijitabu cha wasifu wake kilikuwa mapajani mwangu, karatasi zake laini zinang'aa, picha zake nyingi. Mwaka niliokaa kwake, mwaka nilionao moyoni kuliko miaka yote niliyoishi, walikuwa wameuandika kwa mstari mmoja: aliongoza akina mama kuanzisha mradi wa kuvuna maji. Nilifunga kijitabu. Nyuma yangu, safu mbili hivi, alikuwa ameketi Kawira, rafiki yangu wa wakati ule, mikono yake ameificha chini ya leso ingawa jua lilikuwa kali. Tulisalimiana asubuhi kwa kupigana mabega, na akanikazia macho kwa furaha kabisa, akasema, "Nkatha, umenona, Embu inakupenda." Afadhali angenitemea mate.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda kukaa kwa Tata, chini kidogo ya soko la Mikinduri. Tata ndivyo tunavyomwita dada ya mama. Nilipewa chumba kilichotenganishwa na sebule kwa mbao tu, mbao zenyewe zimebandikwa magazeti ya zamani kuzuia upepo, na kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia kana kwamba naambiwa mimi. Kitanda kilikuwa cha kamba, blanketi lilinuka moshi, na kando ya kichwa changu palikuwa na gunia la njugu ambalo panya walilihesabu kuwa lao. Nililipenda lile shimo. Asubuhi Tata alinipa viazi vitamu na chai ya maziwa mengi, halafu nikateremka hadi zahanati, ambako nilikuwa karani wa rejista. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mgonjwa, kijiji chake, umri wake, na baada ya kuonwa na Sista Joyce, muuguzi wa pekee tuliyekuwa naye, kuandika ugonjwa wake. Sikuwa nimesomea. Nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko. Watu walikuja dirishani kuniangalia nikiandika, nami nikaandika polepole zaidi ili waone.

Lori lilianguka siku ya soko, saa tatu asubuhi, kwenye ile kona inayoshukia kijito. Lilikuwa limebeba mapipa ya plastiki ya rangi ya buluu, makubwa, yenye vifuniko vya kukaza kwa mshipi wa chuma. Machache yalipasuka, maji ya kijani kibichi yakatiririka mtaroni. Dereva alikuwa Mwislamu mmoja wa Maua aliyeitwa Salimu, mtu mnene mwenye ndevu za hina, na mguu wake ulikuwa umebanwa na usukani. Alipiga kelele tangu wachumaji miraa walipotokea mashambani hadi tulipofika sisi wa zahanati na machela: "Msiguse! Wallahi hiyo ni sumu! Msiguse!" Hakuna aliyemsikia, na nitaeleza kwa nini, maana watu wa mbali husema tulikuwa wajinga. Barabara ile kila lori lililowahi kuanguka, dereva wake alisema mzigo ni sumu. Lori la mafuta ya kupikia, dereva alisema ni sumu. Watu wakapika nayo mwaka mzima. Lori la mbolea, sumu. Lori la soda, jamani, hata lile, dereva alisema ni sumu. Kwetu neno hilo lilikuwa limekuwa salamu ya dereva aliyeanguka. Watu walimcheka Salimu huku wakibiringisha mapipa kupandia kilimani, na mzee mmoja akamjibu, "Sawa baba, sisi tumezoea kukula sumu." Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile aliyevunjika guu ni yule yule aliyesema.

Yaliyookolewa mazima yalikuwa mapipa kumi na manne. Vijana walitaka kuyauza sokoni. Tata ndiye aliyewazuia, na hapa sitampunguzia sifa yake, kwa maana alikuwa mwanamke shujaa na mimi si mwongo. Aliwasimamia wanaume katikati ya njia, kilemba kimemwanguka, akawaambia kwamba wake zao wanapanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni tangu walipoolewa, na kwamba pipa likienda sokoni litarudi kama pombe. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama, chama cha wanawake kumi na wanne pia, na idadi hiyo kulingana watu waliona ni mkono wa Mungu. Wanaume wakaona aibu, wakayaacha. Ile dawa iliyokuwemo ilimwagwa kwenye shimo nyuma ya ua wa Tata. Majani ya pembeni yaliungua yakawa ya manjano, na kuku wawili wakafa, tukasema ni kideri.

Mapipa yalioshwa kwa Omo, yakasuguliwa kwa majivu na majani ya mgomba, yakaanikwa, yakajazwa maji ya mtoni, yakamwagwa, yakaoshwa tena. Karibu mwezi mzima. Harufu ilikuwa imeisha. Tata alikuwa na mpango wake: kila Jumamosi chama kiende kwa mwanachama mmoja, tumpigilie mabati ya mtaro pembezoni mwa paa, tuweke pipa chini yake, na kwa kuwa mvua bado, kila mwanamke aje na mtungi mmoja wa maji, tulijaze papo hapo kwa nyimbo, kisha tule. Mimi nikafanywa katibu. Tulikata karatasi kumi na nne, tukaandika namba, tukazikunja, tukazitia kwenye ungo, na kila mama akaokota zamu yake. Tata alikataa kuokota. "Mimi niandikeni ya mwisho," alisema. "Kiongozi hali kwanza." Wakapiga vigelegele.

Kawira aliokota namba kumi na moja. Alikuwa amenizidi miaka miwili tu, ameolewa, ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu aliyeitwa Mwenda. Ndiye peke yake pale kijijini niliyeweza kucheka naye hadi machozi. Kesho yake alinivizia nje ya zahanati. "Nkatha, si unajua hii mgongo yangu," akasema. "Mtungi nyuma, Mwenda kifuani, ile kilima yote. Hadi kumi na moja nitakuwa nimekufa, haki. Si wewe ndio uko na kitabu?" Namba nne ilikuwa ya bibi mmoja mjane tuliyemwita Juju Ciokuraine, ambaye hakujua kusoma na ambaye alikuwa ameniomba nimkumbushe zamu yake ikifika. Nilifuta kwa kifutio, nikaandika jina moja mahali pa lingine. Ilinichukua dakika moja. Juju nilimwambia yeye ni kumi na moja, akasema sawa mjukuu wangu, Mungu hana haraka. Aliishi akazeeka hadi akasahau majina ya wanawe wote.

Jumamosi ya Kawira naikumbuka kwa chakula. Alipika nkima ya ndizi na njahi, zile fiwi nyeusi, akaipondaponda mwenyewe hadi jasho likamtiririka, na mumewe, ambaye alikuwa mmoja wa waliobiringisha mapipa, akachinja jogoo. Nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja na nusu. Kitanda kimezibwa kwa pazia la maua mekundu, ukutani kalenda tatu za miaka iliyopita kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Wanawake walipanga foleni uani wakimimina mitungi yao, na Mwenda, uchi kuanzia kiunoni kushuka, akawa anapiga lile pipa kwa kijiko kufuata wimbo. Kawira alinishika mkono jikoni, akaninong'oneza, "Wewe ni dada yangu. Sitasahau." Nilirudi nyumbani nimeshiba, nikijisifu moyoni.

Jumatano iliyofuata, kwenye zahanati, mke wa katekista aliletwa amebebwa kwa kiti. Alikuwa namba tatu. Anatapika, tumbo linamsokota, nyayo zinamchoma kama moto, na viganja vyake vilikuwa na madoa meusi. Nilifungua rejista kuandika jina lake, na jicho langu likaangukia juu kidogo ya ukurasa: Mama Kendi, namba moja, na watoto wake wawili, tumbo. Nikageuza ukurasa. Mama Gitonga, namba mbili, na mumewe, tumbo, miguu inachoma. Sista Joyce alikuwa amewapa wote dawa ya homa ya matumbo. Sikuwa nimeona kitu, kwa sababu siku ya kuandika nilikuwa nikitazama mwandiko wangu. Sasa niliona majina yanafuatana jinsi nilivyoyapanga mimi kwenye kitabu kingine.

Na siku hiyohiyo, Mungu akipenda kumwonyesha mtu humwonyesha kabisa, alikuwapo kwenye benchi Salimu, yule dereva, amekuja kukatwa plasta ya mguu. Viganja vyake vilikuwa vimebambuka. Aliniuliza, si kwa hasira, "Dada, yale mapipa mliyafanyia nini?" Nikamwambia akina mama wanawekea maji. Alifumba macho. "Subhanallah. Ya kunywa?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Ile ni dawa ya kuchovya nguzo za stima," akasema. "Nguzo inakaa ardhini miaka arobaini mchwa haigusi. Sasa wewe fikiria ndani ya tumbo. Hata ukiosha na nini, haitoki. Mimi niliwaambia. Nililia kama mtoto pale, niliwaambia." Nikamwuliza kwa nini hakusema ni dawa ya nguzo badala ya kusema sumu tu. Alicheka kidogo, cheko baya. "Mguu imevunjika, dada. Ningetoa hotuba?" Sista Joyce alimwita ndani, nami nikaandika jina lake: Salimu, Maua, mguu.

Nilimwambia Tata jioni ile, tunachambua kunde. Nilimwambia yote isipokuwa habari ya kifutio. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, halafu akasema, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. "Basi ngoja Jumapili. Baada ya ibada nitawaita akina mama peke yao, niwaambie polepole. Ukiwaambia leo mmoja mmoja, kesho ni kijiji, kesho kutwa ni polisi. Unajua yale mapipa ni mali ya wizi? Unajua ni bwana za nani waliyabeba? Bwana ya Kawira atalala ndani." Nikasema lakini Tata, wanakunywa. Akaniangalia. "Wamekunywa wiki tatu hakuna amekufa. Siku nne ni nini?" Baadaye niliposoma zaidi nilijifunza kwamba kuna sumu zinazokaa mwilini zikingoja nyingine zije kuziongeza. Wakati ule siku nne zilionekana kama siku nne.

Alhamisi asubuhi nilikuwa chumbani navaa viatu chifu alipoingia sebuleni. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, nikasikia Tata akimkaribisha kwa heshima zote, kisha sauti zikashuka, lakini mbao na magazeti hazijawahi kumficha mtu. Chifu alisema kampuni yenye mzigo imemwandikia kuuliza mapipa yalikwenda wapi, naye amewajibu kwamba yote yalipasukia mtoni. "Nimeshaandika, mama. Nimeweka sahihi. Sasa wewe ukisimama kanisani useme mapipa, unasema chifu ni mwongo." Chifu akavuta chai. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayebadilisha mazungumzo, "Na yule msichana wako. Ile barua yake ya chuo, ya kusomea mambo ya rekodi za hospitali. Nilikuwa nataka kuipeleka wiki ijayo." Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilitaka kile chuo. Ninaandika hivyo waziwazi kwa sababu nimechoka kujiambia kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilimwogopa Tata, kwamba sikujua. Nilikitaka chuo. Tata akasema, "Funika kombe, chifu. Nitayaosha tena," na chifu akasema ndiyo hivyo, mama.

Ijumaa nilishindwa kuvumilia. Nilitoka zahanati mapema nikapanda hadi kwa Kawira, na njiani nilikuwa nikijifunza maneno: Kawira, mwaga hayo maji, usiniulize kitu. Ni maneno machache. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapoza ucuru, uji wa mtama uliochachuka vizuri, anaumimina toka kikombe hadi kikombe. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alinionyesha jinsi anavyoweza kuinama sasa bila kulia. Alikuwa amefua nguo zote, nguo zimejaa kwenye ua, na alizungumza bila kupumua, kwamba amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kwamba mumewe amemwambia anapendeza. Akanijazia kikombe. Nilikitazama. Nikasema, "Leo sinywi, nimefunga." Akashangaa, akasema, "Kumbe wewe ni mtu wa kufunga?" Nikasema ndiyo, ni mambo ya maombi. Akachukua kile kikombe changu, akampa Mwenda, naye akakishika kwa mikono yote miwili. Nilimwona akinywa. Nilikaa hapo hadi akamaliza, nikazungumza habari za nguo, nikaaga, nikateremka. Nafsi yangu ilinihakikishia kwamba Jumapili ni kesho kutwa.

Jumapili, baada ya ibada, Tata aliwaita akina mama chini ya paa la jiko la kanisa, na mimi nikasimama nyuma nikisubiri. Akawaambia kwamba mapipa yana harufu kidogo, kwamba kila mtu aoshe lake tena kwa maji moto na chumvi, na kwamba zamu, ambazo jana yake alizisimamisha, zitaendelea. Basi. Akaomba, akafunga. Aliponipita hakunitazama. Nilikuwa bado nimesimama pale Kawira alipokuja mbio kutoka upande wa vyoo, Mwenda mikononi mwake, kichwa cha mtoto kimelegea.

Tulimpeleka zahanati. Sista Joyce alimtundikia maji, mishipa haionekani, akamchoma kichwani, akamchoma mguuni. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimvuta Sista hadi chumba cha dawa nikamwambia, maneno yanatoka kwa mfululizo, mapipa, nguzo za stima, namba moja, namba mbili, namba tatu. Alinisikiliza huku bado ameshika sindano. Aliniuliza swali moja: "Umejua tangu lini?" Nikasema Jumatano. Akarudi kwa mtoto na sindano yake. Hatukuwa na gari, hospitali kubwa ilikuwa mbali, na gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya miraa iliyokuwa ikipakiwa. Mwenyewe alisema ngoja nimalize. Mwenda alifariki Jumatatu kabla ya saa sita, wakiwa bado hawajapita Meru mjini. Sista Joyce alichukua panga, akaenda nyumba hadi nyumba akayapasua mapipa yote yaliyogawiwa, kisha akaja kwa Tata akayapasua yaliyobaki, na Tata akasimama mlangoni amefunga mikono kifuani akimtazama.

Ndipo wakubwa walipokuja. Walikuja na magari mawili meupe na viatu vya mpira. Wakachota maji ya kijito kwenye chupa za soda, wakaandika kitu kwenye chupa, na hadi leo majibu ya zile chupa hatujayaona. Baraza likaitishwa. Afisa mmoja, kijana mpole, alituambia tatizo letu ni choo na kunawa mikono, akatugawia dawa ya kutibu maji. Kampuni haikuja yenyewe; ilituma lori la maziwa ya pakiti na mikate, kwa sababu kila mtu anajua maziwa huondoa sumu, na watu walipigania yale maziwa wakasukumana, na mimi nilipokea pakiti yangu nikainywa. Jioni yule afisa aliketi kwenye meza yangu, akaifungua rejista. Sista Joyce alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jina la Mwenda na ya wengine wote: sumu, mapipa. Afisa alisema maandishi yale hayasomeki, ukurasa una uchafu, ingefaa unakiliwe upya na mtu mwenye mwandiko mzuri. Alinisomea, nikaandika. Homa ya matumbo. Homa ya matumbo. Homa ya matumbo. Sista alihamishwa kabla mwezi haujaisha, alipelekwa huko chini Mbeere, na siku ya kuondoka kwake alinipa mkono kama anayempa mtu asiyemjua. Mwezi uleule barua yangu ya chuo ikapelekwa.

Nimefanya kazi ya rekodi za hospitali tangu hapo, huku Embu. Watu husema mimi ni mkali. Karani akiniletea ukurasa ulionakiliwa upya mimi humwuliza ule wa kwanza uko wapi, na asipokuwa nao hulala bila usingizi yeye na mimi pia. Sijawahi kuona hilo kuwa toba. Toba ingekuwa kupanda kile kilima. Badala yake nilikuwa nikimtumia Kawira sukari na vitenge kila Krismasi, naye akinipigia simu kunishukuru, na katika simu zile nilijua kwamba alipata watoto wengine wawili, kwamba nyayo zake hazihisi tena moto wala baridi, kwamba viganja vimeota vitu vigumu, na kwamba huko kliniki humpa mafuta ya kujipaka. Hakuwahi kuuliza chochote kuhusu mwaka ule. Nilidhani amesahau, au nilitaka adhani nimesahau mimi.

Baada ya kumfukia Tata, wakati watu wamepanga foleni ya wali, nilimkuta Kawira nyuma ya hema la wapishi, amekaa kwenye mtungi uliopinduliwa, anasugua sufuria. Hakuna aliyemwomba, ndivyo alivyo. Leso ilikuwa imemtoka, na nikaviona viganja vyake kwa mara ya kwanza, vimejaa vinundu vya manjano kama punje za mahindi. Nikachuchumaa mbele yake na nguo yangu ya msiba. Nikamwambia. Nilianza na kifutio, namba kumi na moja na namba nne. Nikamwambia Jumatano, Salimu, Tata, chifu, barua. Nikamwambia kwamba Ijumaa ile nilikuja kwake nikijua, na kwamba nilikikataa kile kikombe kwa sababu nilijua. Sikulia, kwa kuwa niliona kulia kungekuwa ni kumwomba kitu. Alikuwa ameacha kusugua. Kule mbele mtu fulani alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti kwamba gari la kwaya limezuia njia.

"Ile siku ulisema umefunga," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilifikiria unamfungia Mwenda. Nilifikiria Mungu alikuonyesha kitu juu ya mtoto wangu, ukaona vibaya kuniambia, ukaamua kufunga." Alivitazama viganja vyake, akavigeuza. "Hiyo ndio ushuhuda yangu, Nkatha. Miaka yote. Kila mwaka wakinisimamisha kanisani nasema mimi nilipoteza mtoto lakini Mungu alinipatia rafiki, alimfungia mtoto wangu kabla hata hajagonjeka. Watu wanalia. Kuna mama amekuja kuokoka kwa sababu ya hiyo maneno."

Alisimama polepole, akiangalia mahali anapokanyaga kwa vile miguu haimwambii, akamwaga maji ya sufuria kwenye nyasi.

"Jumapili wameniweka kwa programu tena," akasema. "Sasa niambie wewe. Nitasema nini?"